MAONI YETU: FEDHA ZA UTAFITI ZIFIKE KINNA, NA KIBARUA ALIPWE



Baadhi ya ndugu zetu wa upande wa Kinna wameuliza kwa nini Chama cha wafanyi kazi kijitie katika habari za fedha ambazo Serikali hutoa kwa ajili ya utafiti wa kilimo na mifugo. Wasema hayo ni mambo ya madaktari na maprofesa, na shughuli yetu sisi ni mshahara, saa za kazi na posho. Swali hilo ni la haki, na lastahili jibu kamili.

Jibu la kwanza ni kwamba fedha hizo ni zetu. Zatoka katika kodi ya sukari, ya majani ya chai, ya sabuni na ya petroli ya pikipiki, na zile zisizotoka katika kodi ya leo zatoka katika mkopo utakaolipwa kwa kodi ya kesho. Jibu la pili ni kwamba kazi yenyewe hufanywa na mikono yetu. Hakuna dawa ya ng'ombe iliyopata kujaribiwa bila mtu wa kumshika ng'ombe. Hakuna mbegu iliyopata kupimwa bila mtu wa kulima mitaro, kumwagilia maji, kufukuza ndege na kulala shambani kungoja ndovu.

Tuanze na jambo lililotokea karibu na nyumba. Kila mtu wa Kinna aujua mpaka wa Mbuga ya Taifa ya Meru. Ndani ya mbuga hiyo, mwaka 2001, nyati walipatikana na ugonjwa wa sotoka, na baada ya hapo sotoka haikuthibitishwa tena mahali popote duniani. Ikapita miaka 10 ya kungoja, kutembea na kupima damu, ndipo mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha kabisa. Tangu wanadamu waanze kupigana na maradhi, ni ugonjwa wa pili tu kumalizwa hivyo. Wa kwanza ulikuwa ndui. Na mahali ulipoonekana kwa mara ya mwisho si Ulaya wala Marekani, bali ni hapa ambapo mchungaji wa Kinna huweza kufika kwa miguu.

Wazee hawana haja ya kuambiwa sotoka ni nini. Iliingia kutoka pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikateremka katika miaka ya 1890 mpaka Afrika ya Kusini, na katika nchi nyingi ilizopita ng'ombe wengi zaidi walikufa kuliko waliobaki. Watu wa mifugo walikufa njaa nyuma ya mifugo yao. Wakoloni walipokuja kutaka nchi, waliwakuta watu waliokwisha kuvunjika.

Je, ni nini kilichoimaliza? Ni utafiti uliolipiwa na mali ya umma. Katika miaka ya 1950, huko Muguga karibu na Nairobi, palikuwa na kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo kilichokuwa cha nchi zote za Afrika Mashariki. Mganga mmoja wa mifugo, Walter Plowright, pamoja na wenzake, walivilea vijidudu vya sotoka katika chembe za figo la ndama, wakavihamisha mara nyingi kutoka chombo hadi chombo, mpaka vikapoteza nguvu ya kuua lakini vikabaki na nguvu ya kumkinga mnyama. Mwanzo wa miaka ya 1960 chanjo hiyo ilikuwa tayari. Ilikuwa rahisi kwa bei, na ng'ombe aliyechanjwa mara moja alikingika maisha yake yote. Mwaka 1999 Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, na twasema aliistahili.

Lakini chanjo ile ilikuwa na kasoro moja, nayo ilikuwa barafu. Ilitaka kukaa baridini tangu kiwandani mpaka kwenye sindano, na katika nchi kama yetu barafu huyeyuka kabla gari halijamaliza matengenezo ya gurudumu la kwanza. Kwa hiyo kwa miaka mingi sotoka ilimalizwa penye njia ya gari, ikabaki pasipo na njia. Ilingojewa mpaka karibu na mwaka 1990 ndipo watafiti wakapata namna ya kuikausha chanjo ile hata ikaweza kustahimili joto kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Hapo ndipo kazi ilipotoka mikononi mwa magari ikaingia mikononi mwa watu wa miguu: wachungaji wenyewe, waliofundishwa kwa majuma machache, wakabeba chanjo begani mpaka penye mifugo, kwa sababu wao ndio waliojua mifugo iko wapi. Wasomi wanaoandika habari za kumalizwa kwa sotoka wakubali kwamba bila watu hao kazi isingalikwisha.

Tafadhali shikeni jambo hili, maana hoja yetu yote imesimama hapo. Maarifa ya maabara yalifika nusu ya njia. Nusu ya pili ilikwenda kwa maarifa na miguu ya mtu wa porini. Sasa ulizeni: mtu wa maabara alipata tuzo, na mtu wa porini alipata nini? Sheria ya mwaka 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao iliweka daftari kwa ajili ya wenye vyeti vya chuo. Yule aliyefundishwa chini ya mti kwa majuma machache, akafanya kazi iliyomaliza ugonjwa duniani, hakuandikiwa ukurasa. Hatusemi kwamba daftari ni baya, kwa maana dawa za mifugo mikononi mwa kila mtu ni hatari. Twasema palifaa kujengwa ngazi ya kumpandisha mtu huyo kutoka hapo alipokuwa, badala ya kumfungia mlango.

Sasa tuje kwenye fedha za siku hizi. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha sheria mbili zinazotuhusu. Moja iliunganisha taasisi za utafiti, yaani ile ya kilimo iliyoitwa KARI na zile za kahawa, chai na sukari, zikawa shirika moja liitwalo KALRO. Kahawa na chai zilikuwa na wenyewe tangu zamani, na watafiti wao walikuwa hawakosi. Ngamia na mbuzi hawakuwa na bwana wa kuwasemea. Kwa kuziweka chini ya dari moja ilitumainiwa kwamba mifugo ya nchi kame nayo itapata nafasi mezani. Sheria ya pili, ya sayansi na teknolojia na uvumbuzi, iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti, ikasema kwamba Serikali itatoa kila mwaka kiasi cha asilimia 2 ya pato la nchi kwa ajili ya utafiti. Hiyo ni shilingi 2 katika kila shilingi 100. Ahadi hiyo haijapata kutimizwa. Hali kadhalika, mwaka 2003 huko Maputo wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutoa asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo, wakairudia ahadi mwaka 2014 huko Malabo, na nchi nyingi, yetu ikiwa mojawapo, hazikuifikia. Mfanyi kazi akiahidi kufika saa moja akafika saa nne hukatwa mshahara.

Tena, hata kile kidogo kinachotoka hugawanywa kwa namna ambayo Kinna haiwezi kukigusa. Tangazo hutoka katika magazeti na katika intaneti, kwa Kiingereza, lataka mtu mwenye digrii, chuo kinachotambuliwa, hesabu za fedha zilizokaguliwa, na karatasi nyingi kabla ya tarehe fulani. Hayo yote yana sababu zake, kwa maana fedha za umma hazitupwi ovyo. Lakini matokeo yake ni kwamba swali la utafiti huandikwa Nairobi, jibu husomwa Nairobi, na Kinna huonekana katikati tu, siku gari lijapo kuchukua damu za mbuzi na kuuliza watu maswali sabini ambayo majibu yake hawaletewi kamwe.

Na swali likiulizwa vibaya, hasara yake haimpati aliyeuliza. Utazameni mti wa mathenge. Uliletwa katika nchi kame za Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 kwa nia njema, ili kuzuia mchanga na kutoa kuni. Leo umefunga malisho na kingo za mito katika wilaya nyingi za ukame, na miiba yake yatoboa gurudumu na mguu. Huko Baringo wananchi waliishitaki Serikali, wakapeleka mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa sababu ya maganda matamu ya mti huo. Watu walicheka magazetini, lakini mwenye mbuzi hakucheka. Lau wachungaji wangaliulizwa kwanza, pengine wangaliuliza swali moja la maana: mti huu ukikataa kufa, tutaufanya nini?

Yapo pia mambo mema ya kusimulia, na Isiolo si ya mwisho katika hayo. Kuanzia mwaka 2013 hivi, Isiolo ilikuwa ya kwanza katika Kenya kujaribu mfuko wa fedha za tabia ya nchi uliowapa watu wa wadi uamuzi, na Kinna ilikuwa miongoni mwa wadi za kwanza. Kamati zilichaguliwa na wananchi, na kanuni ilikuwa kwamba sehemu 70 katika 100 za fedha za miradi ziamuliwe na wadi zenyewe. Watu hawakuchagua mambo ya fahari. Walichagua mabwawa ya maji, ulinzi wa visima, matengenezo ya maabara ya mifugo, na walitaka wazee wa dedha wasaidiwe kukutana ili wapange malisho ya kiangazi na ya masika kama ilivyo desturi ya Waborana. Mtu wa mjini aweza kuuliza kama mkutano wa wazee ni uvumbuzi. Sisi twasema ndiyo, maana malisho yaliyohifadhiwa mpaka mwezi wa mwisho wa kiangazi yaliokoa ng'ombe wengi kuliko mashine nyingi tulizoziona zikipata kutu.

Mpango huo ulienea katika wilaya nyingine, na mwaka 2021 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Kenya dola milioni 150 ili kazi ya namna hiyo ifanywe nchini kote. Kabla ya hapo, mwaka 2017, zilikopwa dola milioni 250 kwa mradi wa kilimo cha kukabili tabia ya nchi, na Isiolo iliandikwa katika orodha ya kaunti 24, na sehemu ya fedha ikatengwa kwa utafiti na mbegu. Angalieni neno hilo, kukopwa. Fedha ikifika kijijini huitwa msaada, na mwenye kuitoa hupigiwa makofi. Lakini huko Hazina yaitwa deni, na mtoto wa Kinna anayezaliwa usiku huu atalilipa. Kwa hiyo asiwepo mwanachama atakayeinamisha kichwa akiuliza zimetumikaje. Anauliza habari za mali yake.

Twafika sasa penye uchungu wa Chama hiki. Mradi ukija huleta kazi: vijana wa kuhesabu mifugo na kuandika majibu ya watu, wachungaji wa kufuata ng'ombe waliovishwa vyombo shingoni, vibarua wa mashamba ya majaribio, madereva, walinzi wa usiku, akina mama wapishi. Malalamiko tuliyopokea kutoka wilaya mbalimbali yafanana kama mapacha. Mtu hufanya kazi miezi mitano kwa jina la kibarua wa siku, halipwi siku ya ugonjwa, hana barua, na mradi ukifungwa huambiwa kwa simu. Akipigwa teke na ngamia au kuumwa na nyoka, mkuu wa mradi husikitika sana na kumpa nauli. Katika makadirio ya fedha utakuta gari, semina, hoteli ya Naivasha, na mshauri wa kulipwa kwa siku. Yule wa kuamka saa kumi alfajiri utamkuta chini kabisa, katika mstari wa mambo madogo madogo.

Basi kila mwanachama na ajue sheria inavyosema, maana imekwisha kuandikwa na haihitaji kuombwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kwisha kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mfanyi kazi wa mshahara wa mwezi, na hawezi kuachishwa bila taarifa. Kifungu cha 9 chataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na ni wajibu wa mwajiri kuuandika. Asiyejua kusoma lazima asomewe kwa lugha anayoielewa, na aweza kutia kidole gumba mbele ya shahidi asiye mwajiri. Juu ya hayo iko Sheria ya Fidia kwa Madhara ya Kazini ya mwaka huo huo wa 2007, inayomlazimu mwajiri kuwawekea wafanyi kazi wake bima. Sheria haikusema isipokuwa mradi wa utafiti, wala haikusema isipokuwa Isiolo.

Wakuu wa miradi huwa na jibu moja: kwamba fedha ni chache, na wakitoa mikataba na bima utafiti utapungua. Twawajibu kwa heshima kwamba utafiti unaofanywa na kijana aliyechoka na asiyelipwa umekwisha kupungua. Mwenye kuhesabu mbuzi akiwa na njaa atawahesabu chini ya mti, na hesabu hiyo ndiyo itakayopelekwa kwa Waziri. Kama fedha hazitoshi watu 20 kwa haki, waajiriwe 12 kwa haki, na semina moja ifanyiwe Kinna chini ya turubai badala ya Naivasha.

Wako pia ndugu wanaosema heri fedha za utafiti zote zigeuzwe unga na maharagwe. Twawaelewa. Katika ukame wa tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwanzo wa 2023 masika na vuli zilishindwa mara tano mfululizo, na Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Mwenye mizoga mlangoni hana masikio ya utafiti. Hata hivyo unga huliwa ukaisha, na kiangazi hurudi. Chanjo ya sotoka ingali inafanya kazi mpaka leo, kwa kuwa hakuna sotoka.

Tukiulizwa Kinna yataka utafiti gani, jibu halitakosekana. Pale Rapsu wakulima wa mfereji wataka kujua ni mazao gani yatastahimili maji yakipungua, na ni uzio gani wa bei ya maskini utakaomzuia ndovu atokaye mbugani. Wenye mbuzi wataka kuona sotoka ya mbuzi, iliyoingia Kenya mwaka 2006, ikifuata njia ya ndugu yake. Dunia imejiwekea kuimaliza mwaka 2030, na tarehe hiyo i karibu. Akina mama wauzao maziwa ya ngamia, yasafirio kwenye madumu mpaka Isiolo na Eastleigh, wataka chombo cha kuyapoza kisichohitaji umeme wa siku nzima. Kisha kuna ile bima ya mifugo. Ilianza kama utafiti huko Marsabit mwaka 2010, na mwaka 2015 Serikali ikaichukua na kuwalipia watu wengi wa nchi kame. Hapo tena utafiti wa umma ulizaa kitu. Lakini bima hiyo hupima ukijani wa nchi kwa setilaiti, na setilaiti hutazama toka juu sana: yaona kijani, haijui kama ni nyasi au ni mathenge. Mchungaji ajua. Mbona asiajiriwe kwa mshahara wa mwezi kuwa jicho la chini?

Mikutano ya wananchi juu ya bajeti ya kaunti hufanywa kila mwaka, na Katiba ya mwaka 2010 yaamuru wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Halmashauri ya Chama yawataka wanachama wa Kinna, Rapsu na Kula Mawe wahudhurie, wasiwaachie wafanya biashara na wagombea peke yao. Waulize ni miradi gani ya utafiti inayofanywa katika wadi, mwenye fedha ni nani, wameajiriwa watu wangapi wa hapa, kwa mkataba gani, na matokeo ya utafiti uliopita yatasomwa lini barazani kwa Kiswahili na Kiborana. Wakinyimwa majibu, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yampa kila raia haki ya kuomba habari kwa ofisi ya umma, kwa Kiswahili akipenda, na ofisi yapaswa kujibu kabla ya siku 21 kupita. Asiyeweza kuandika aseme kwa mdomo, na karani wa ofisi hiyo alazimika kuandika maneno yake.

Makatibu wa matawi wakusanye nakala za mikataba ya miradi, na pale pasipo na mkataba waandike jina la mradi, siku mtu alipoanza kazi, na malipo yake kwa siku. Orodha hizo ziletwe ofisini kabla ya mkutano mkuu ujao wa tawi, ili Chama kiwaandikie waajiri wahusika mmoja mmoja.